Mkate wa Ijumaa

Baba yangu alikuja dukani kwangu Suneka mwezi uliopita akiwa amebeba mkungu wa ndizi. Nakwambia kweli, rafiki yangu, ule mkungu ulinitia wasiwasi kabla hata sijamsalimu. Mimi nauza misumari, rangi na mabati, na kazi hii imenizoesha kumtazama mara mbili mteja anayecheka sana kabla ya kuuliza bei. Baba alikuwa anacheka. Ameishi Kisii mjini na mwanamke mwingine kwa miaka sita, na kwa miaka hiyo yote sijapata kutoka kwake hata chane moja.

Nilimpa kiti, nikamwagizia chai. Akauliza habari za watoto wangu, akawataja mmoja mmoja kwa majina bila kukosea, jambo ambalo nalo halikunituliza. Nyanya yangu, yaani mama yake mzazi, alikuwa na swali moja kwa kila mgeni aliyekuja na zawadi. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaombea, na mgeni akishaondoka aligeuka na kutuuliza: "Mbona leo?" Mpaka apate jibu, zawadi haikuliwa. Nilimtazama baba akinywa chai yangu, na swali la mama yake likanijaa mdomoni.

"Wewe ndiye mtoto wangu mwenye kumbukumbu," akasema. "Hata darasani ulikuwa hivyo. Unakumbuka tulivyopanda ile chai?"

"Nakumbuka, baba."

"Basi ni hilo tu," akasema, akatoa bahasha ndani ya koti.

Ndani yake mlikuwa na hati ya kiapo, imechapwa vizuri katika ofisi ya wakili wake. Jina langu lote lilikuwa juu, na chini palikuwa na nafasi ya sahihi yangu. Katikati ulikuwa utoto wangu, umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuniona. Nilisoma kwamba mimi ninakumbuka vyema baba yangu akipima mistari ya chai kwa kamba, yeye ameshika upande wa juu na mimi upande wa chini. Nikasoma kwamba wakati huo mama yangu alikuwa jikoni.

Sikusaini. Nilisema niachiwe nisome polepole. "Soma," akajibu, "lakini kesi inatajwa wiki ijayo." Nikajua sasa mbona leo. Ndizi zile niliwapa wapangaji wa jirani.

Acha nikueleze kesi yenyewe. Baba anataka talaka, na mama hana neno juu ya hilo. Anasema mtu aliyekwisha kuondoka hazuiliwi mlangoni. Ugomvi ni chai. Baba ameiambia mahakama kwamba mama alikuwa mke wa nyumbani tu, kwa hiyo yeye, kwa wema wake, atamlipa matunzo kila mwezi, mama ahamie chumba cha kupanga pale Keumbu karibu na soko, na shamba libaki kwake. Hati ya shamba ina jina la baba. Namba ya kupelekea majani kwenye kituo cha kununulia chai ina jina la baba. Lakini sheria, kama wakili wa mama alivyonieleza, huuliza pia nani alichangia kupatikana kwa mali ya ndoa, na jasho nalo ni mchango. Sasa nani aliliona jasho hilo? Nyanya alishafariki. Wadogo zangu walikuwa hawajazaliwa. Nimebaki mimi peke yangu.

Kuhusu matunzo mama alisema neno moja tu, akichambua mboga: "Hizo pesa atatuma mwezi wa kwanza. Wa pili atatuma nusu. Wa tatu simu itazima."

Basi usiku na mchana nikawa naukagua utoto wangu kama noti ninayoishuku. Na jinsi ulivyokuwa mtamu! Kwetu ni upande wa Nyamira, kwenye mteremko ambao asubuhi hujaa ukungu mpaka huoni choo. Mvua ilikuja kila alasiri bila kukosa, ikapiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Jikoni kwa nyanya kulinuka moshi, maziwa na chinsaga, ile mboga chungu aliyoipika kwa subira mpaka uchungu wake ukawa utamu. Obokima, ule ugali wetu wa wimbi, ilikuja nyeusi na moto, ukiimega inakuunguza vidole, na nyanya alitucheka sisi tuliopuliza. Ndizi za kuiva zilifunikwa kwa majani kwenye pembe ya ghala, na mimi nilijua harufu ya siku ambayo zingekuwa tayari. Nyanya naye alijua kwamba najua, kwa hiyo alizihesabu.

Ndipo mwaka mmoja shamba la mahindi likageuzwa kuwa la chai. Miche ilitoka kwenye kitalu ng'ambo ya mto, na mama aliibeba kichwani kwenye kikapu, safari baada ya safari, shingo imenyooka, maji ya udongo yakimtiririka usoni. Mimi sikuwa nimeanza shule. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya jimbi kando ya mto na kuyachomeka pembeni mwa kila mche yautie kivuli. Kazi ya pili ilikuwa kushika mwisho wa kamba ya katani kule chini, kamba ikae sawa, mama apite na jembe akichimba mashimo kwa kuifuata. Mikono ilichoka vibaya sana. Niliimba, nililia, nilibadilisha mkono, na mama alisema tu, "Bado kidogo, bado kidogo," maneno ambayo mpaka leo siyaamini yakisemwa na mtu yeyote.

Na huko juu, kwenye mwisho mwingine wa kamba? Hapo ndipo penye shida, rafiki yangu. Ninapofumba macho ninamwona baba. Kweli kabisa. Amesimama juu kabisa, mahali kamba ilipoishia, karibu na njia, na shati lake jeupe. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona hapo, na nimempenda hapo. Kama kiapo kile kingeletwa na mtu asiyecheka, huenda ningesaini na kurudi kuuza misumari.

Lakini mimi ni mjukuu wa nyanya yangu. Nilianza kumuuliza yule baba wa kumbukumbu maswali. Mbona shati jeupe kwenye tope? Mbona viatu vimeng'aa? Na kwapani ana nini?

Ana mkate, umefungwa kwa gazeti.

Baba alikuwa mwalimu huko Kenyenya, akilala huko siku za kazi. Ijumaa alirudi kabla jua halijazama, maana sisi ni watu wa Sabato, na jua likizama kila kitu lazima kiwe kimetulia: maji yamechotwa, kuni zimepasuliwa, chakula cha kesho kimepikwa, watoto wameoga. Mkate ulikuwa wa asubuhi ya Sabato. Ulikuwa mweupe, laini, unanukia mjini. Haukuguswa mpaka kesho yake, isipokuwa kile kipande cha pembeni ambacho baba alinimegea kwa siri, akinikonyeza, na nyanya akijifanya hajaona. Sijala kitu kitamu namna ile tena, na nimejaribu mikate yote ya Kisii.

Mtu mwenye mkate kwapani anashika kamba kwa mkono upi? Swali hilo lilinikalia wiki nzima. Nilikwenda nyumbani nikamkuta mama ndani ya chai, kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu kama nilivyovijua siku zote. Nikamuuliza nani alishika kamba upande wa juu. Hakusimamisha mikono.

"Mimi sikwambii kitu," akasema. "Wakisema nimekufundisha, itakuwa kweli. Kumbuka mwenyewe."

Nilikasirika. Nilitaka anisaidie, nami nilikuwa nimepanda mlima wote ule. Niliketi kwenye ukingo wa shamba kuvua viatu vilivyonibana, na hapo nikaliona kovu langu. Liko kwenye muundi wa mguu wa kulia, refu na jeupe. Kila mgeni wa nyumbani kwetu aliijua hadithi yake, kwa sababu baba aliipenda sana na aliisimulia kila Krismasi: jinsi nilivyokuwa nikikimbilia mkate, nikaanguka, nikainuka na damu mguuni, nikauliza kwanza kama mkate umepona. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, na mimi nilicheka nao.

Lakini nilijikwaa kwenye nini?

Nilimpigia baba simu palepale. Ninakiri nilimtegea, na sioni fahari nikikueleza. Nilimsalimu vizuri, nikamwambia najikumbusha mambo ya zamani kwa ajili ya ile hati. Akafurahi. Nikauliza, "Baba, hili kovu langu la mguuni nililipataje?"

Akaanza kucheka kabla hajajibu, kicheko chake kilekile cha Krismasi. "Wewe! Si ulikuwa unakimbilia mkate! Mimi ndio nimefika tu kutoka Kenyenya, hata mkoba sijaweka chini, nikakuita. Ukatupa kamba ukaja mbio kama ndama, ukajikwaa kwenye kile kigingi cha mamako, kile alikuwa anafungia..."



Nilisikia pumzi yake. Nilisikia pia redio kwenye nyumba ile ya mjini. Nilitaka aseme kitu, amalizie sentensi au hata anitukane.

"Alikuwa anafungia nini, baba?"

"Kuna mtu mlangoni," akasema, na simu ikakatika.

Mama alikuwa mistari miwili kutoka nilipoketi. Alikuwa amesikia. Aliendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na mimi nikalia kwa uchungu, maana baba niliyempenda pale juu ya kamba alikuwa amefika tu. Miaka yote nilikuwa nimemsimamisha mahali pa kipande cha mti.

Wiki iliyofuata tulikaa kwa wakili wa mama, msichana mdogo mwenye miwani, mwepesi wa kuandika. Nilimweleza yote: kitalu, kikapu, majimbi, kamba, kigingi, Ijumaa, mkate. Alipofika kwenye mkate macho yake yakang'aa. "Huu mkate ndio kesi yetu," akasema. "Kama alifika na mkate Ijumaa, basi hakuwepo Jumatatu mpaka Alhamisi. Mkate unatosha." Alifurahi kweli, na nilimchukia kidogo kwa furaha ile. Kitu kitamu kuliko vyote nilivyopewa na baba yangu kilikuwa kinageuzwa kuwa cha kumshindia.

Jiko la nyanya lilianguka zamani, na mahali pake pana tangi la maji. Kitalu ng'ambo ya mto ni nyumba za kupangisha. Mvua sasa inakuja inapotaka. Hayo nilikuwa nimeshayazoea, rafiki yangu. Ambacho sitakizoea ni kwamba sasa kila ninachokumbuka kwanza nakiuliza mbona leo, na hata harufu ya ndizi mbivu lazima ijieleze kwangu kabla sijaifurahia.

Wakili alitusomea kwa sauti hati yangu mpya ya kiapo, nzima. Mama alisikiliza huku mikono yake myeusi imelala mapajani. Aliposikia aya ya tisa, kwamba baba alikuwa akirudi na mkate kila Ijumaa jioni, aliinua kidole.

"Hapo hamjamaliza," akasema. "Andika kwamba ulikuwa mtamu."

Wakili akatabasamu. "Mama, mahakama haihitaji hilo. Tena linaweza kumsaidia yeye."

"Mimi pia niliula," mama akasema. "Mtoto wangu anaapa kwa Mungu. Kama anasema ya kamba, aseme na ya mkate."

Wakili alinitazama mimi. Nikamwambia aandike. Akaandika, akachapa upya, nami nikasaini kila ukurasa. Kesi bado inaendelea, na sijui hakimu ataamua nini kuhusu chai ya mama. Lakini akifika aya ya tisa, atasoma kwamba baba yangu alikuja Ijumaa na mkate, kwamba mimi na mama tuliacha kamba tukaenda kumlaki, na kwamba mkate huo ulikuwa mtamu.