Noël ya Kwanza Baada ya Baba Kunitangaza Marehemu

Nilikufa Jumapili ya tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, mbele ya watu kama mia mbili.

Aliyetangaza kifo changu ni baba yangu mzazi.

Sikuwa naumwa. Saa hiyo hiyo nilikuwa nyumbani kwangu Kadutu, nasugua sufuria. Kesho yake mama mmoja anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliniona sokoni, akaangusha beseni.

"Adélaïde! Si batu ya Bagira banasema ulikufaka?"

Nikamwambia ashike mkono wangu, aone kama una joto.

Baba yangu anaitwa Ezéchiel. Ni mwangalizi katika kanisa dogo la Bagira linaloitwa Njia Nyembamba. Huko hakuna Noël, yaani Krismasi, hakuna anniversaire ya kuzaliwa, hakuna mwaka mpya. Ukitoka, umekufa. Hawasemi umepotea. Wanasema umekufa, na mtu wa kwanza kulisema lazima awe wa damu yako.

Nilizaliwa mle ndani. Miaka thelathini na tatu sijawahi kula kipande cha nyama tarehe 25 Desemba. Siku hiyo tulifunga madirisha ili tusisikie nyimbo za jirani.

Nilitoka kwa sababu ya matanga. Baba wa mume wangu alifariki mwezi wa tano. Alikuwa mkatoliki, mzee mpole, ndiye alimfundisha binti yangu Déborah kuhesabu. Waangalizi wakaniambia nisiingie paroisse, kanisa la wakatoliki. Nikaingia. Nikaketi benchi ya mbele, nikalia mpaka kitenge kikalowana.

Waliponiita nijieleze, nikawaandikia barua ya mistari miwili. Ya kwanza, kwaheri. Ya pili siwezi kuiweka hapa.

Tangu siku ile namba ya mama yangu Séraphine haikupita tena. Miezi sita. Kila asubuhi napiga, kila asubuhi ile sauti ya mashine.

Basi Desemba ikafika.

Msifikiri upande wa pili walinipokea kwa maua.

Mama mkwe wangu, Maman Chantal, alinichukia miaka minane kwa sababu sikula Noël kwake hata mara moja. Nilipotoka Njia Nyembamba, hakuniuliza kama nalala, kama nakula. Alizunguka mtaa mzima akisema, "Tulimupata!"

Kama vile mimi ni kuku aliyeruka ukuta.

Tarehe 19 akaingia kwangu bila kubisha, anavuta mbuzi kwa kamba. Kwapani alikuwa na robe, gauni jekundu la Déborah.

"Mwaka huu Noël inafanyika hapa," akasema. "Nilishaalika bamama ya shirika yote. Banataka kukuona."

"Kuniona nikifanya nini?"

"Ukisherehekea! Ukiimba! Wajue Mungu alishinda baba yako."

Mume wangu Blanchard alikuwa Shabunda kwenye machimbo, barabara mbovu, hakuweza kurudi. Ningekuwa peke yangu, kama mnyama wa maonyesho, mbele ya wamama ishirini wa shirika lake la kanisani.

"Maman, sijaamua bado kama nitafanya Noël."

Alicheka. Cheko baya.

"Uamue nini? Ulishatoka, hapana?"

"Nilitoka kwao. Sijasema nimeingia kwenu."

Déborah, miaka saba, alikuwa amesimama katikati yetu, anagusa ile robe kwa kidole kimoja kama inaunguza.

Na kusema ukweli, mimi mwenyewe sikujua. Usiku mmoja nasema nitapika mpaka moshi ufike Bagira, baba aukohoe. Asubuhi yake naona mapambo dukani, navuka barabara kama nimeiba. Shetani wa utotoni hatoki kwa barua ya mistari miwili.

Kesho yake akaja Ndugu Léopold.

Léopold ndiye mkono wa kulia wa baba. Tangu Juni tukikutana njiani alikuwa anageuza uso. Siku hiyo alisimama nje ya parcelle, kwenye lango la ua wangu, hakukanyaga ndani, akaongea akiangalia ukuta.

"Mama yako anaumwa. Tension ya damu imepanda. Miguu imevimba."

Nikashika mlango.

"Anasema hataki kukuona kama utashika Noël. Ukiipitisha siku hiyo bila sherehe, bila mutoto kuvaa, bila nyama, ukuje Bagira saa sita kamili ya tarehe 25. Utasaini karatasi ya kutubu. Halafu utamuona."

"Mama mwenyewe alisema hivyo?"

"Kwa mdomo yake."

Akaondoka.

Nilikaa chini pale pale. Nilitukana. Nilimtukana Léopold, nikamtukana baba, na Mungu anisamehe, nilimtukana na mama. Miezi sita kimya, halafu neno la kwanza ni masharti?

Lakini ni mama. Miguu imevimba.

Nikaenda kwa Maman Chantal kumwambia hakuna Noël kwangu. Alikuwa anachambua mchele na majirani zake. Hakusubiri nimalize.

"Nyie, sikieni huyu! Mwili ilitoka, akili ilibaki kwa baba yake!"

"Maman, mama yangu ni mgonjwa."

"Na mutoto wa mwanangu? Yeye atavaa robe lini? Akikufa?"

Alikuja mwenyewe kuchukua mbuzi wake. Robe akaichukua pia. Déborah hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Aliniangalia tu, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Mlangoni Maman Chantal akageuka, akanipiga ya mwisho:

"Baba yako hakukosea. Ulikufaka kweli."

Tarehe 25 ilikuwa Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha, Kadutu yote matope, na kila nyumba muziki. Nikavaa nguo nyeusi, nikamwacha Déborah kwa jirani yangu Aimée.

"Usimupeleke kwa bibi yake," nikamwambia. "Leo asivae, asile nyama. Tafadhali."

Aimée alinitazama kama nimepata wazimu. "Sawa, Maman Déborah."

Nikapanda taxi-bus ya Bagira. Ndani watu wamevaa vizuri, watoto wana viatu vipya, dereva amefunga utepe kwenye kioo. Kila mtu ananitakia sikukuu njema: "Bonne fête, maman." Najibu kwa kichwa. Nilihisi namchinja mtoto wangu ili nimwone mama yangu.

Saa sita kamili nikabisha.

Baba alifungua mwenyewe. Amekonda. Hakunisalimia. Akanionyesha kiti cha plastiki katikati ya salon, ile sebule yao. Léopold alikuwa ameketi mezani, karatasi mbele yake, kalamu ya bic juu yake.

Madirisha yalikuwa yamefungwa, kama zamani. Hewa ile ile.

"Soma kwa sauti," baba akasema.

Nikasoma. Kwamba Noël ni siku ya shetani. Kwamba nilikufa katika dhambi na naomba huruma. Na chini kabisa: kwamba nilitenda dhambi kwa kulia kwenye maziko ya mpagani.

Hapo nikaacha kusoma.

"Baba, hii ya mwisho siwezi. Yule mzee alikuwa babu wa mutoto wangu."

"Soma."

"Baba..."

"Unataka kuona mama yako, hutaki?"

Nikasoma. Namwomba marehemu anisamehe popote alipo. Nikasaini. Saini haikufanana na yangu.

Léopold akaikunja karatasi vizuri, akaitia mfukoni.

Nikainuka, nikaenda kwenye chumba cha mama. Sikuomba ruhusa. Nikasukuma pazia.

Kitanda kimetandikwa. Hakuna mtu.

"Mama iko wapi?"

Nyimbo za jirani zinapita kwenye nyufa za dirisha.

"Baba. Mama iko wapi?"

Akavua miwani, akaifuta na shati.

"Alitoka. Saa mbili asubuhi."

"Kwenda wapi? Si ni mgonjwa?"

"Sijamutuma. Ameasi."

Ilinichukua muda kuelewa. Saa mbili alitoka. Mimi nimefika saa sita. Baba amenikalisha kwenye kiti, amenisomesha, amenisainisha.

"Kwa hiyo wakati nasoma, ulijua hayuko?"

"Nilijua."

Alisema bila aibu, mtu wa Mungu. Kisha akaongeza:

"Roho yako ilikuwa muhimu kuliko kumuona."

Sikupiga kelele. Sikumwomba Léopold karatasi. Nilitoka na mlango nikauacha wazi, muziki wa Noël uingie mpaka chumbani. Nilipofika barabarani nikasimamisha taxi-bus ya kwanza.

Njia nzima ya kurudi naomba moja tu: mama asiwe ameanguka mahali.

Kwangu kumefungwa. Kwa Aimée kumefungwa. Déborah hayuko.

Nikakimbia kwa Maman Chantal, hasira imenijaa mpaka machoni. Nilikuwa nimepanga matusi, moja baada ya lingine.

Nikaingia uani.

Pembeni ya mbabula ya makaa, kwenye kiti chenye mto, miguu imewekwa juu ya kigoda, alikuwa mama yangu. Ana sahani mapajani. Maman Chantal amepiga magoti mbele yake, anamkanda miguu kwa maji ya moto.

Mama akaniona. Hakunikumbatia. Alianza kunigombeza.

"Weye! Natembea toka Bagira na hii miguu, napumzika kila kona, nafika nakuta kufuli! Kama si huyu Aimée kunileta hapa ningelala njiani! Ulikuwa wapi?"

"Kwako, Mama! Ulisema nikuje kusaini!"

"Kusaini nini?"

Nikamweleza. Masharti, tarehe 25, bila nyama, bila robe. Kadiri ninavyoongea, uso wake unabadilika.

"Miye? Nilisema hayo?"

"Léopold alisema ni kwa mdomo yako."

Mama akaweka sahani chini.

"Miye baba yako aliniambia ni weye ulikataa kuniona. Kwamba ulisema mpaka niache kanisa. Simu akachukua, akasema unanitukana mule ndani. Miezi sita nalia." Akapumua. "Leo nikasema, Noël kila mutu iko nyumbani. Nitaenda. Kama ni kunifukuza, anifukuze na mdomo yake mwenyewe."

Uani watu wote waliacha kula. Hata wamama wa shirika waliotaka kuniona nikiimba.

Maman Chantal ndiye aliongea kwanza. "Ezéchiel ni mushenzi," akasema, akaendelea kukanda.

Nilikaa chini matopeni na nguo yangu nyeusi.

Ndipo Déborah akatoka nyuma ya mlango. Kumleta alimleta, lakini mengine Aimée alikuwa ameyashika: mtoto hakuvaa, hakula nyama. Robe ilikuwa imetundikwa ukutani, na harufu ya mbuzi imejaa kila mahali.

"Maman, naweza kuvaa?"

Kila mtu akanigeukia. Maman Chantal ameshaacha mdomo wazi, anangoja kupiga vigelegele.

Nikafikiria. Nikikataa, ni baba ameamua. Nikikubali kwa kumkomoa baba, bado ni yeye ameamua. Nikikubali kwa hofu ya mama mkwe, nimebadilisha bwana tu.

Nikamtazama mtoto. Alikuwa na njaa, na alitaka nguo nyekundu.

"Vaa, mama yangu. Halafu kula."

Maman Chantal akainua mkono. Nikamkatiza:

"Usipige vigelegele. Sijaingia kwenu. Miye sitaimba."

Akameza. "Basi utakula ukiwa umenyamaza," akasema, akanitupia sahani. Yule hatanipenda kamwe, na mimi simlazimishi.

Mama mmoja wa shirika akamtania mama yangu: "Maman Séraphine, leo na weye unafanya Noël!"

Mama akamjibu mdomo umejaa: "Sifanye Noël. Nakula mbuzi na mutoto wangu."

Mpaka leo mama bado ni muumini wa Njia Nyembamba. Alirudi Bagira baada ya wiki mbili, akadai simu yake mbele ya waangalizi wote, akaipata. Ananipigia kila asubuhi. Mimi na baba hatusemeshani, na sitawadanganya eti nimemsamehe. Sijamsamehe.

Wengi mtaniuliza kama sasa nafanya Noël. Ni juu yangu. Mwaka mmoja napika, mwaka mwingine nalala.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Adui yangu hakuwa Noël, wala dini peke yake. Ni kwamba niliamini maneno ya mama yangu yaliyobebwa na mdomo wa mtu mwingine, nikakaa nayo nikimchukia, naye akakaa na ya uongo yaliyosemwa ni yangu. Kama kuna mtu unayempenda, na mwingine amesimama katikati anakuambia "amesema hivi, amesema vile," usibishane naye wala usimsainie chochote.

Mpite. Nenda ukamuulize mwenyewe.