Zoezi la Kurudia Maneno

Nilianza kuanguka mwaka mmoja baada ya ndoa, nikiwa kwenye cherehani, hapa Kilwa Masoko. Miguu ilitetemeka, kisha mwili mzima, na nilipozinduka mume wangu alikuwa amenishika kichwa. Wifi yangu alisema ni mashetani. Hali ilipozidi, akasema najifanya. Kipimo cha umeme wa ubongo nilichofanyiwa Dar hakikuonyesha kifafa.

“Hujifanyi,” aliniambia mshauri tuliyeelekezwa kwake Lindi mjini, mama mmoja mpole. “Unaanguka kweli. Ila kuna hofu unazifungia ndani.” Akamgeukia mume wangu. “Na wewe, shemeji, nusu ya dawa yake iko kwako.”

Zoezi lilikuwa rahisi. Kila siku baada ya alasiri tukae tukitazamana. Mmoja aseme anachohisi, mwenzake arudie maneno yale yale bila kujibu wala kujitetea. Kisha tubadilishane zamu.

Mimi ni mtu wa kufumua mshono mzima kwa sababu ya kipande kidogo kilichopinda. Ushonaji nilijifundisha mwenyewe kwa video za simu, nikadhani hata hisia mtu hujifunza hivyo. Asubuhi niliziandika kwenye daftari, nikazisahihisha, nikazikariri. “Nilihisi upweke ulipochelewa kurudi. Nilihisi furaha ulipoleta samaki.”

“Mbona unasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari?” aliniuliza. “Ongea kama mke wangu, bwana.”

“Rudia tu. Usijibu.”

Alirudia. Mshauri alitusifu kwa simu. Nami niliendelea kuanguka, mara mbili kwa wiki, kisha mara tatu.

Nilijua kwa nini. Mume wangu alitaka tuhamie Njinjo kwa mama yake, tukalime ufuta, na alipolitaja jambo hilo nilijibu, “Sawa.” Mama mkwe alishamtafuta mtu wa kunipunga mashetani. Niliogopa kwamba nikikataa nitaachwa. Nisipokataa, nitaangukia huko, wakiwa wamenifungia chumbani wanasubiri shetani apande. Hayo sikuyaandika daftarini hata mara moja.

Siku moja nililiacha daftari ndani, tukakaa barazani.

“Sitaki kwenda Njinjo,” nikasema. “Namwogopa mama. Nilisema sawa kwa sababu nakuogopa wewe pia.”

Aligeuka kumtazama jirani aliyekuwa akifagia uwanja.

“Hutaki kwenda Njinjo kwa sasa,” alisema.

“Sikusema kwa sasa.”

“Hutaki kwenda Njinjo. Unamwogopa mama. Ulisema sawa kwa sababu unaniogopa mimi pia.”

Nilijiona mwepesi, karibu nicheke. “Haya, zamu yako.”

Alitazama sakafu. “Mwenye nyumba nilishamwambia tunahama mwezi huu ukiisha. Nilimwambia wiki iliyopita, ulipokuwa umelala baada ya kuanguka. Ameshapata mpangaji. Mama anakuja Jumamosi kukuchukua, utangulie.”

Sikuruhusiwa kujibu. Ndivyo tulivyokubaliana.

“Mwenye nyumba ulishamwambia tunahama mwezi huu ukiisha,” nikaanza. “Ulimwambia wiki iliyopita, nilipokuwa nimelala.” Nilirudia yote, sikukosea hata neno moja. Nilipotaja Jumamosi aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesahihisha hesabu, akanyanyuka kwenda kutawadha. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.