Mubaya wa Kwanza wa Kashikishi

Mbele yangu, mimi nikiwa sijaanza kazi hii, watu wa Kashikishi walipigana bure. Mutu alikosana na mwenzake juu ya wavu ao juu ya muke, wakaangushana ku muchanga, watu wakatazama, kila mutu akarudi kwake. Hakuna aliyelipa. Mimi ndiye niliyeleta kamba, kengele na kiingilio. Mutu akisema ni mwingine, anitafute. Nyumba yangu inajulikana, ni ile ya mabati mekundu ku njia ya Nchelenge.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la pili, nikavuka ziwa, nikaenda kutafuta kazi Elisabethville. Kule nilifagia sali, jumba moja kubwa ambamo wazungu walipigana kila Jumamosi, ile tuliyoita siku ya posho. Ule muchezo wa kuangushana waliuita kachi. Wenzangu walifagia, wakaenda kulala. Mimi nilisimama na ufagio mukononi nikatazama, na niliona kitu ambacho wao hawakuona: kila pigano lilikuwa na mwema na mubaya wake, na watu hawakuja juu ya kumutazama yule mwema. Mwema ukimuona mara moja umemumaliza. Walikuja juu ya mubaya. Mubaya akiingia, wamama wa kizungu wenye kofia na mikufu walipanda juu ya viti wakamutukana, na muchezo ukiisha walitoka wakiwa na furaha kama watu waliotoka kula. Nikasema, bon, hii kitu ninaweza kuipeleka kwetu.

Basi mu ile miaka ya hamsini nilisimamisha miti mine ku muchanga wa Kashikishi, karibu na pale wamama wanapoanika samaki, nikazungusha kamba za mitumbwi. Kengele ilikuwa ringi ya lori. Kiingilio kilikuwa samaki mukavu mumoja. Vichwa vya samaki vya kumutupia mubaya watu walikuja navyo wenyewe. Hiyo sikuwafundisha, hiyo ilikuwa akili yao.

Na kila siku ya Mungu, watu wakitoka kanisani, nilipanda juu ya mutumbwi uliopinduliwa nikatangaza wabaya watatu wa ile wiki. Nilianza na wa tatu, nikaja kwa wa pili, nikanyamaza kidogo, nikataja wa kwanza. Wazee waliokuwa wanaenda nyumbani walisimama. Wamama waliacha kugeuza samaki. Sikuandika popote, yote yalikuwa kichwani, na hakuna aliyeweza kusema nimependelea mutu. Kuumiza tu sikukuhesabu. Ng'ombe pia anaumiza. Nilitaka ubaya wenye akili, ubaya ambao mutu akirudi nyumbani atamuhadisia bibi yake.

Wa tatu mara nyingi alikuwa yule aliyekuja kama muchuuzi wa samaki. Aliingia na mizani ya kuning'iniza, akamufunga mwenzake muguu, akaupima, na mbele ya watu wote akauinua kwa chini na kidole chake ili uzito upungue. Wamama wauza samaki walimuchukia vizuri sana. Wa pili alikuwa mamba. Alijifunika matete, akatoka ziwani akitambaa na tumbo, akaingia chini ya kamba akauma visigino. Alikuwa muzuri, lakini alijua kitu kimoja tu. Mamba wa kweli pia anajua kimoja, ila yeye halipwi.

Wa kwanza, kila wiki, alikuwa mulinzi wa samaki.

Lazima nieleze. Ile miaka serikali iliweka walinzi waliopita mu kambi za wavuvi kupima matundu ya nyavu. Wavu wenye matundu madogo ulichukuliwa ukachomwa, na mwenyewe akasimama pale akitazama moshi. Sasa huyu mutu wangu aliingia na kaptula ya kaki na kofia, na kijiti cha kupimia chini ya kwapa. Hakuwa na haraka. Alimupima mupinzani wake na vidole, toka paji mupaka kidevu, toka bega mupaka bega, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema na sauti ya ofisi ya serikali: "Bado mudogo. Rudisha mu maji." Kisha alimuinua juu ya kichwa akamutupa nje ya kamba. Vichwa vya samaki vilikuja kama mvua. Mimi nimeona wabaya wa kizungu wenye kusafiri na treni, na ninasema hivi: hakuna hata mumoja aliyefika ku magoti yake.

Nje ya kamba, huyo mutu wangu alikuwa mushona nyavu. Aliimba sauti ya chini kanisani. Akikuta kuku wamelala njiani, alizunguka.

Siku moja kichwa cha samaki kilimupata ku shavu, na alimuona aliyekitupa, musichana wa kisiwa cha Chisenga aliyekuja kuuza samaki ya chumvi. Muchezo ulipoisha alimutafuta sokoni, kile kichwa mukononi.

"Mama, umesahau kitu chako."

"Sikusahau," yule musichana akamujibu. "Nilikupa."

Hapo mambo yakaanza. Baada ya miezi mushona nyavu alikuja kwangu, akakaa ku kiti bila kuegemea, akaacha chai ipoe.

"Yaya," akasema, kama mutu anavyomuita kaka mukubwa, "ninatafuta shibukombe."

Shibukombe ni mutu anayetumwa kuposa. Anapeleka sahani mbili zilizofunikana, ndani kuna zawadi, na maneno yote ya kumusifu mwanaume yanatoka mu mudomo wake. Watu wa binti wakifungua sahani, wamekubali. Wasipofungua, shibukombe anazibeba anarudi nazo, na kila mutu ku muji anamuona akizibeba. Ni kazi ya mutu anayeheshimiwa, kwa hiyo alivyokuja kwangu haikunishangaza.

Nilivaa suti, nikapanda mutumbwi mupaka Chisenga. Baba ya binti alikuwa amekaa pembeni ya nyumba akishona wavu mupya. Mu ile nyumba maneno yalikuwa ya mama. Niliweka sahani mbele yake ku mukeka. Hakuzitazama.

"Shibukombe, ni wewe unatangaza kule Kashikishi?"

"Ni mimi, mama. Hakuna mwingine."

"Na huyu unayemusemea, wiki iliyopita ulisema ni wa ngapi?"

Mitumbwi ya samaki inatangulia watu kufika Chisenga, habari inafika nayo. Nikasema ni wa kwanza.

"Na wiki ile iliyotangulia?"

"Wa kwanza."

"Sasa umevaa viatu, umevuka maji, unakuja kuniambia ni mutu mwema. Na mudomo ni ule ule."

"Mama, ule ni muchezo."

"Wavu wa baba ya watoto wangu walinzi waliuchoma pale, karibu na ule muti. Tulikuwa tunacheza?"

Baba alivuta uzi, akaukata na meno. Mama akazisukuma sahani kwangu na kidole kimoja.

"Beba. Nikikutaka, ninajua pa kukupata. Watu wote wanajua."

Nilizibeba. Kule ku pwani ya Chisenga wavuvi waliacha kazi ili watazame suti yangu vizuri.

Nilipomupa jibu, yule mushona nyavu hakulia, hakukasirika. Aliuliza kama aache muchezo. Nikamwambia akiacha mimi nitatangaza nani, mamba? Nikamupa shauri jingine: wiki tatu ao ine nimuweke wa tatu, habari ivuke ziwa, mama aone anapona ubaya. Akafikiri.

"Sasa nitakuwa mubaya wa tatu," akasema, "na bado bila muke."

Niliona ana haki. Tukaacha hivyo, na kila mutu akarudi ku kazi yake. Lakini aliacha kuimba kanisani. Alikuwa anafungua mudomo tu.

Hapa kuna desturi moja ambayo mugeni hataielewa nisipomuambia. Kwetu, mutu akiposa, hasimami mbele ya mama mukwe. Akimuona njiani anaacha njia, anaingia mu majani mupaka apite. Hamutazami, hali chakula mbele yake, hainui sauti mahali alipo. Ni hivyo mupaka siku watamuingiza mu nyumba yao kwa sherehe, mama amulishe, basi imeisha. Nimeona wanaume wenye lori wakiingia mu mufereji na lori.

Siku moja ya posho, watu walikuwa wengi kupita siku zote. Mulinzi aliingia na kijiti chake. Mupinzani wake alikuwa muvuvi kijana aliyependwa na wasichana, yule tuliyemupa kazi ya wema, na tulikuwa tumepanga kwamba mwishoni yeye atamupima mulinzi na vidole aseme amezidi kipimo. Nilijua watu watalala chini kwa kucheka. Mulinzi akapima, akatikisa kichwa, akasema maneno yake, akamuinua yule kijana juu. Akabaki amemushika pale juu. Nilifikiri anaongeza utamu.

Kisha akamuweka chini polepole, kama mutu anayeweka mayai. Akavua kofia, akajifunika uso, akapita chini ya kamba, akakimbia kati ya meza za samaki mupaka mu matete.

 Vichwa vyote vya samaki vilivyokuwa bado mu vikapu vilimufuata mugongoni. Yule mwema alibaki amesimama peke yake.

"Nimeshinda?" akaniuliza.

"Inua mukono kwanza. Tutajua baadaye."

Nilimukuta mu matete, maji mupaka kifuani, kofia bado usoni.

"Yaya, ameenda?"

"Nani?"

"Mama. Yuko karibu na kengele, amekaa juu ya gunia la chumvi."

Niligeuka, nikamuona. Kitambaa cha buluu, mikono juu ya magoti. Alikuwa amelipa samaki wake kama wengine.

"Wewe," nikasema, "sahani zilirudi. Yule si mama mukwe wako."

"Ninajua."

"Sasa umeniharibia muchezo juu ya nini?"

"Yaya, hata kama hanipi binti," akasema, "mimi nilimuomba." Akabaki mu maji mupaka yule mama akaondoka kwenda kulala kwa dada yake.

Ile jioni Kashikishi yote iligombana. Wamoja walisema mulinzi aliogopa, na mubaya mwenye woga atolewe kabisa. Wengine walisema hapana, kula samaki za watu na kukimbia katikati ya muchezo ni ubaya ambao haujawahi kuonekana, serikali yenyewe inafanya hivyo.  Nilijua mama hatavuka kurudi Chisenga bila siku ya Mungu kupita, na nilijua atakuja kusikiliza. Nikimutaja wa kwanza, mama atabeba neno lile lile mupaka Chisenga, na ndoa imekufa. Nisipomutaja, hakuna mutu atakayeamini tena mudomo wangu, hata siku nikitumwa kuposea mwingine. Watu wenye kusoma wangeitisha mukutano. Mimi nilikula samaki yangu nikalala.

Kesho yake nilipanda juu ya mutumbwi. Mama alikuwa mbele, kitambaa kile kile. Yule mushona nyavu alikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya mulango.

"Wa tatu, muchuuzi. Wa pili, mamba." Nikanyamaza kidogo, kama desturi yangu. "Wa kwanza ni mulinzi wa samaki, juu ya kukimbia."

Watu wakaanza kelele. Mama akasimama, akapangusa chumvi ku kitenge.

"Shibukombe, umetangaza vibaya."

Hakuna mutu aliyewahi kuniambia vile. Nikamuuliza kwa heshima nimekosa wapi.

"Yule hakukimbia kule kupigana. Alinikimbia mimi. Nilimuona alivyoniona." Akawageukia watu. "Sahani zake nilizirudisha bila kuzifungua, na yeye ananiachia njia kama mama mukwe wake. Hapa kati yenu nani angefanya hivyo? Nyinyi ambao mumekwisha kuoa, munafanya?"

Wanaume wengi walitazama ziwa.

"Zile sahani ziko wapi?" akaniuliza.

Zilikuwa nyumbani. Niliruka toka juu ya mutumbwi, nikazileta mwenyewe, na mama akazifungua pale pale, juu ya meza ya samaki, nzi wakiwa mashahidi. Kisha akanivuta pembeni.

"Kama ataendelea na ile kazi, awe wa kwanza. Nisisikie wa pili. Sitaki watu wa Chisenga waseme nilitoa mutoto wangu kwa mubaya wa pili."

"Mama, ni lazima afanye kazi nzuri."

"Ni wewe shibukombe wake. Angalia afanye."

Tatizo moja lilibaki. Mama sasa alipenda muchezo, akavuka kila siku ya posho, na kila akija, mukwe wake aliingia mu matete. Wiki nyingi mamba alikuwa wa kwanza, na mimi nilimutangaza huku ninatazama pembeni. Mwishoni nilitoa kuku zangu mwenyewe, na muchele, na kitenge cha mama, ili sherehe ya kumuingiza mukwe ifanywe haraka. Wazee walisema haijawahi kufanywa haraka hivyo. Niliwaambia vitu vingi havikuwahi kufanywa Kashikishi mbele yangu. Mama alimulisha ugali na mukono wake, akamutazama usoni, na ile desturi ikaisha kwa halali.

Siku ya posho iliyofuata, mulinzi aliingia na kaptula na kijiti. Mama alikuwa mbele kabisa, karibu na kengele, na baba, ambaye siku zote hakuvuka, alikuwa pembeni yake na kikapu. Mukwe akapima mupinzani wake, akatikisa kichwa, akasema bado mudogo. Baba akachagua kichwa kikubwa mu kikapu, akamupa bibi yake. Mama akakitupa, akamupata mukwe wake katikati ya sikio.

Kesho yake nilimutangaza wa kwanza, na hakuna mutu aliyebisha.