Madame wa Kioo cha Mbele

Ninyi munaosoma hapa, mumeisha kuona mwanaume mwenye ndevu nyeupe akiomba pardon kwa mashine?

Mimi nimeona. Ni mume wangu.

Ilikuwa mu motoka yetu, asubuhi, jua limeisha kupanda. Kamashine kalimuambia kwa Kifaransa cha Ulaya ageuze motoka, arudi alikotoka. Muzee akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu: "Pardon, madame. Tuendelee kidogo tu."

Mimi muke wake wa ndoa ya kanisa, niliyemuzalia watoto na kumufulia ovaroli za grisi, ile pardon sijawahi kuisikia. Kamashine kalifika nyumbani Jumatatu, Alhamisi kalikuwa kameisha kuipata.

Sasa musikilize vizuri.

Mume wangu Badibanga alikuwa mashinisti wa treni. Sisi ni watu wa Kasai, tulikuja Kindu juu ya reli, tukazeeka hapa. Na muntu wa treni ana ugonjwa mumoja: haulizi njia. Maisha yake yote njia ilikuwa imelazwa mbele yake, vyuma viwili, hapindi paka pale tu vyuma vinapinda.

Akishika usukani wa motoka anakuwa vile vile. Tukienda ku harusi, tunapotea. Tukienda ku kilio, tunafika watu wameisha kula. Mimi namuambia, Baba Cédric, pale kwa muuza mafuta tupinde kushoto. Hasikii. Tunaenda paka barabara inaisha mu majani, halafu anageuza motoka polepole, kama vile alipanga.

"Mama Cédric," anasema, "treni haiulizi njia."

Basi.

Mutoto wetu wa kwanza, Cédric, anauza vitu vya motoka ku Lubumbashi, vile vilivyotumika Ulaya. Siku moja anatuma kakartoni na musafiri wa ndege. Ndani mulikuwa kamashine keusi, ekrani yake upana wa kiganja, na kampira nyuma kanakonyonya kioo cha motoka kama mutoto ku titi. Kebo yake unaichomeka mu tundu la kuwashia sigareti.

Muzee akatangaza kwamba Cédric ametupa kazi. Tukapime kale kamashine, tumuambie ukweli wote. Kama kanafaa Kindu, atatuma mengine, ayauze kwa mashofere wa hapa.

Nikamuuliza kanafanya nini. Akasema kanaonyesha njia, kanaimba, kanaonyesha sinema, kanaonyesha foto, kanapiga hesabu, na kana mwanamuke ndani.

"Mwanamuke gani?"

"Anayesema njia."

Nikaendelea kupepeta muchele.

Siku zile zote tulikuwa tunapima. Muzee alikaweka juu ya meza ya baraza na kukaa mbele yake kama mwalimu wa mutihani. Kuhusu nyimbo, Cédric aliwekamo kwaya, na sauti ilikuwa safi kabisa, hata zile besi unazisikia mu kifua. Mu motoka zile nyimbo zinaruka zenyewe paka mu radio, sijui kwa njia gani. Hapo nilitoa pointi kumi kwa kumi, na sikuona uchungu.

Sinema ilikuwamo moja, ya malori yanashindana mbio mu jangwa. Majirani walijaa barazani, vichwa kumi juu ya ekrani moja, watu wa nyuma wanauliza watu wa mbele lori gani limeanguka. Kabla ya mwisho moto wa ndani, ule wa betri, ukaisha, ekrani ikalala. Mama Odette, jirani yangu, mwenye ulimi kama wembe, akasema sinema ya bure huwa inaishia pale pale.

Ekrani yenyewe juani inakuwa kioo. Unatafuta barabara, unaona paka sura yako tu. Niliipa pointi mbili, na hizo mbili ni juu nilitengenezea kitambaa changu cha kichwa humo.

Lakini muzee alimupenda yule mwanamuke wa ndani. Alimuita Madame. Madame akisema, kwaya inanyamaza yenyewe. Madame akisema, muzee naye ananyamaza.

"Dada," Mama Odette akaniambia juu ya ukuta, "muzee amekuletea mbanda, muke wa pili."

"Mbanda asiyekula," nikamujibu, "atanisumbua na nini?"

Nilisema vile kwa mudomo. Moyoni nilikuwa naumia.

Sasa niwaambie juu ya nini nilikuwa naumia, juu bila ile hamutaelewa.

Mwaka ule vita vilipoingia, muzee alikuwa ameondoka na treni kwenda Katanga. Reli ikakatika nyuma yake. Askari wakaja Kindu, sisi tukakimbia. Nilivuka muto Lualaba kwa mutumbwi na watoto, tukaingia mu barabara ya Kampene, mu pori. Cédric alibeba sufuria kichwani. Misenga, mutoto wangu musichana wa miaka mine, nilimubeba mugongoni.

Homa ilimushika kule. Dawa haikuwako. Wenyeji walitupa mukeka na jembe, tukamulaza mu udongo. Juu ya kichwa chake nilipanda mbegu ya safu, lile tunda la bluu la kuchemsha, juu sikuwa na kingine cha kuacha.

Miaka ikapita. Vita vikapoa, treni ya kwanza ikalia filimbi toka Katanga. Muji muzima ulikuwa ku gare, pale treni inasimama. Muzee akashuka, amekonda, mashavu yameingia. Akatuhesabu kwa macho, mumoja mumoja. Nikamuambia: "Misenga alibaki ngambo."

Akasema: "Sawa."

Njo ile tu. Tangu siku ile jina la yule mutoto halijatoka mu kinywa chake.

Na mu jamaa yetu kuna desturi. Baba asiyekuwako ku maziko, yeye njo anatangulia kurudi na kutupa udongo wake. Mama hawezi kwenda mbele yake. Kilio hakijafungwa. Kwa hiyo mimi nilikaa miaka zaidi ya makumi mawili nangoja mwanaume mumoja aseme "twende". Nikigusa ile habari, anatoka nje kuangalia tairi.

Mimi ni muntu wa kungoja. Muhogo mu maji haulowi kwa kuufokea. Lakini hata mwenye subira anachoka akiona mume wake anageuza shingo haraka vile kwa sauti ya mwanamuke wa plastiki.

Alhamisi asubuhi muzee akasema sasa tukapime njia. Nikauliza upande gani. Akaangalia tairi, akasema ngambo, kule barabara ni mbaya, kipimo kitakuwa cha haki.

Ngambo. Moyo wangu uliruka. Nikajikalisha chini: mama, usijidanganye, ni kipimo.

Nikafunga mikate ya muhogo, nikaingia mu motoka, nikafunga mulango wangu kwa kamba vile kawaida.

Madame alianza tangu kona ya kwanza ya Mikelenge, mutaa wetu. "Faites demi-tour." Turudi. Tukipinda, turudi. Tukienda wima, turudi. Na muzee kila mara: pardon, madame. Nilikaa pale na mikate yangu juu ya magoti, nahesabu dhambi za watu wawili.

Ku kivuko motoka ikapanda baki, ile feri ya kuvusha. Nikaangalia ekrani. Hapakuwa muto, hapakuwa Kindu, hapakuwa kitu. Ilikuwa nyeupe tupu, na kamushale keusi katikati kama inzi mu maziwa.

Muzee alishuka kusalimia watu wa baki. Simu yangu ikalia, ni Cédric.

Nikamuambia ukweli, kama alivyotaka. Nyimbo muzuri, sinema inakatika, Madame anatufukuza turudi nyumbani tangu asubuhi.

Cédric akacheka paka akakohoa. "Mama, atafanya nini? Maniema, jimbo lenu lote, haimo mule. Iko Ulaya yote, iko Lubumbashi kidogo. Nilimuambia Baba tangu siku ya kwanza. Akasema nitume vile vile."

"Alijua?"

"Alijua, Mama."

Nikakata simu. Muzee akarudi, akakaa, akapangusa ekrani na leso, kwa upole.

Niliwaza mawili. Ama uzee umemupanda kichwani, ama anapenda tu ile sauti. Yote mawili nilikuwa tayari kuyasamehe, lakini si siku moja.

Tulipovuka muto na kuacha mutaa wa Alunguli nyuma, tukafika ku njia panda. Muzee akasimamisha motoka katikati. Hakuangalia kushoto, hakuangalia kulia. Akauliza ekrani: "Madame, hapa sasa je?"

Madame akamujibu tugeuze motoka.

Muzee hakugeuza. Akangoja. Injini inanguruma, jasho linamushuka sikioni, mikono yote miwili ku usukani. Pikipiki moja ya wachimbaji ikatupita na magunia, dereva akatutukana kidogo. Muzee anangoja tu.

Basi nikajibu kwa nafasi ya Madame. Nikasema: "Kushoto," upande wa Kampene.

Akasema: "Merci, madame." Akapinda kushoto.

Hata leo sijui alimushukuru nani.

Kuanzia pale tukaenda hivyo. Yeye anauliza ekrani, Madame anatufukuza, mimi najibu, yeye anapinda. Ndoa ya miaka mingi, njo kwanza ananisikia, na anafanya kama vile hayuko ananisikia. Kijito kikapita. Kilima chekundu kikapita. Mimi naona mbele: kona moja, daraja la magogo, halafu pale nilipomuacha mutoto.

Nikasema kwa nguvu: "Kulia."

Tukaingia wima mu shamba la muhogo la watu.

Pori lilikuwa limekatwa, daraja limehamishwa, kijiji kimesogea karibu na barabara mupya. Magurudumu yalilaza muhogo mistari miwili, safi kabisa, kama reli.

Mwenye shamba akatoka na panga mukononi, anaitwa Papa Djuma. Akatuangalia, akaangalia muhogo wake, akaangalia kamashine kwenye kioo kanaimba kwaya.

"Ile njo imewaleta humu?"

Nikasema ndiyo, Papa, ile njo imetupoteza. Mungu anisamehe. Siku yote ile, ni mara moja tu Madame alinisaidia.

Papa Djuma akacheka, akasema mashine ya muzungu imepima shamba lake bila ruhusa. Akauliza tunatafuta wapi. Nikamuambia pale palikuwa kambi ya wakimbizi, wakati wa vita, karibu na daraja la magogo.

"Basi ni ku musafu wa mukimbizi," akasema. "Hatujui nani aliupanda. Watoto wetu wanakula pale kila musimu. Muache motoka, munyookee kale kanjia."

Nikafungua kamba ya mulango wangu, nikashuka.

Tukaenda kwa miguu. Ulikuwa muti mukubwa, ndugu zangu, umepita paa la nyumba, kivuli chake kinatosha kwa watu wa kwaya nzima. Chini yake maganda ya safu yamekauka, alama za nyayo za watoto zimejaa mu udongo.

Nikasema: "Baba Cédric, njo hapa."

Alisimama pale mikono inaning'inia. Halafu akageuka, akarudi ku motoka. Nikasema ndani yangu: basi, tairi tena.

Alirudi amebeba kamashine mukononi. Kale kana moto wake wa ndani, kanatembea bila kebo. Madame akasema turudi. Muzee akamubonyeza, akamuzima mudomo. Hakuomba pardon.

Akagusa upande wa foto. Mu kamashine kale mulikuwa foto moja tu.

Ilikuwa Misenga. Nguo nyeupe, kola ya manjano, soksi moja juu, moja chini, anakunja uso juu ya jua.

Foto zetu zote zilipotea wakati wa vita, askari walipobomoa nyumba. Nilidhani sura ile imebaki mu macho yangu peke yake, na macho yangu yanazeeka. Kumbe aliondoka nayo mu kifuko cha kadi yake ya kazi ya reli, akakaa nayo Katanga miaka yote ya vita, akarudi nayo, akanyamaza nayo. Yeye njo aliyemuomba Cédric aiweke mule, kwenye ekrani, ikuwe kubwa.

Niliikinga jua na kitambaa changu. Ilionekana vizuri.

Muzee akapiga magoti, akachota udongo, akatupa. Akachota tena.

Cédric amenilazimisha nimalize kazi yake, basi natoa pointi zangu hapa mbele yenu. Kuonyesha njia, sifuri. Kusikia mwenye kuuliza, sifuri. Sinema, mukaimalizie kwingine. Foto, kumi, na ningekuwa na zaidi ningeongeza.

Na fundisho, kwa mabinti wenye kuolewa: kama mashine inadanganya, na mwenye kuiwasha anajua inadanganya, na bado anaendesha, musiitupe nje ya dirisha. Mungojee muone anapeleka wapi. Wanaume wengine hawajui kupita paka kwa muzunguko tu.

Ee, nilitaka kusahau. Pale chini ya muti muzee alisema kitu. Alikuwa bado amepiga magoti, amenipa mugongo, udongo ku vidole. Maisha yote ananiita Mama Cédric, kwa jina la mutoto wa kwanza. Siku ile hakuniita hivyo.

"Mama Misenga," akasema, "tangu siku ile ku gare nilitaka kukuuliza njia."