Matundu Mawili ya Gereji

Mpangaji alinipigia simu nikiwa kazini Kakuma, akaomba ruhusa ya kuziba matundu mawili kwenye ukuta wa gereji yetu ya Lodwar. Moja liko juu, karibu na mabati. Jingine liko chini, kando ya mlango. Alisema yanaingiza vumbi, na kwamba hajawahi kuona fundi akijenga ukuta mzuri namna ile kisha akasahau matofali mawili. Ningeweza kumjibu papo hapo. Badala yake nikamwambia anisubiri hadi Jumamosi.

Hayakusahauliwa, rafiki yangu. Kaa hapa nikusimulie.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba alihamishiwa Lodwar kama dereva wa serikali kabla sijazaliwa. Mama akamfuata, akaanza kuuza samaki wakavu kutoka Kalokol. Ndiyo maana utoto wangu una harufu ya samaki na petroli. Una vumbi pia. Vumbi la Lodwar linakula nawe na kulala nawe, na watu wengi huishia kulizoea. Baba hakulizoea. Alinunua pikapu kuukuu, akaijengea gereji ya matofali ya saruji, kisha akaanza vita. Chini ya mlango alipigilia vipande vya tairi. Pale ukuta unapokutana na mabati alisokomeza magunia. Dirisha dogo alilifunika kwa gunia na mbao, na kila ufa ukapakwa udongo. Alikuwa akiacha sahani nyeupe juu ya boneti jioni, na asubuhi anaita majirani waje waione ilivyo safi. Walikuja kweli, wakaishika sahani kwa vidole.

Kisha nyanya akaja kutoka Kinangop, babu alipokwisha kufariki. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili tu, kwa hiyo Baba aliitoa pikapu nje, kwenye vumbi, akamwekea mama yake kitanda ndani ya gereji. Hata mimi, mtoto, nilielewa hilo halikuwa jambo dogo.

Ilikuwa majira ya kipupwe. Huko kwao milimani wakati huo watu wanatembea na makoti mawili mawili. Lodwar kipupwe ni jina tu, jua ni lile lile, isipokuwa upepo unaovuma jioni. Sisi tulikuwa tunautamani upepo ule mchana kutwa. Nyanya ulimtetemesha. Miguu yake ilikuwa baridi kama mtungi, na alijifunga leso kichwani hadi kwenye nyusi. Jirani yetu, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa, alikuja kumtazama kama alivyokuja kuitazama ile sahani.

"Ejok, mama mzee," alimsalimu. "Hii baridi yako ulitoa wapi? Ulibeba na basi?"

"Niliibeba," nyanya akamjibu, "na wewe ndiye utaniuzia makaa ya kuifukuza."

Wakawa marafiki tangu siku hiyo.

Basi gereji ikawa na jiko. Mama aligombana kidogo kwanza. Hakuruhusu liingie mpaka mtungi wa petroli, makopo ya oili na matambara yote yenye mafuta yametolewa na kupelekwa nyuma ya choo. Tulidhani tumemaliza. Hatari tuliyoijua ilikuwa ile yenye ndimi nyekundu.

Jioni zile ninazitamani mpaka leo. Tulijazana mle baada ya chakula, mlango umefungwa, makaa yakilia taratibu. Nyanya alifukia viazi kwenye majivu, viazi vilivyotoka kwao kwa gunia, akampa kila mmoja wetu chake kikiwa bado kinaunguza. Alisema nyumba isiyo na moto jioni ni kama nyumba isiyo na mtu. Nilimuuliza, je, sisi wa Lodwar wote, tunaopikia nje na kulala uani, hatuna watu nyumbani? Akacheka, akasema mtoto huyu ameokotwa wapi. Tulipoenda kulala, jiko lilibaki naye.

Baada ya muda akaanza kuamka na kichwa kinamgonga, na kichefuchefu. Kila mtu alikuwa na maelezo. Baba alisema ni joto la mchana. Jirani alisema ni maji. Zahanati ilipima malaria, haikuwepo, tukapewa dawa za maumivu. Watu wa kanisani walikuja kuomba, na kwa kuwa alipata nafuu akiwa nao uani, wakaondoka wamefurahi. Nyanya mwenyewe alisema Lodwar imemkataa. Akaanza kukunja nguo zake. Anataka arudishwe kwake akafie huko.

Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba kule Kinangop hakuna wa kumchotea hata maji, na kama akirudi peke yake katika hali ile, huyo ndiyo basi. Walikubaliana atampeleka akishatoka safari ya Kakuma.

Baba akiwa huko, ukavuma upepo mkali uliong'oa gunia la dirishani, mbao na vyote. Asubuhi tulimkuta nyanya ameamka kabla yetu, mchanga umejaa kwenye blanketi, anafagia huku akiimba. Akala vizuri. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Mama akaanza kutumaini. Kisha Baba akarudi, akaona dirisha, akaliziba upya kwa uangalifu wake wote, maana hangeweza kumlaza mama yake kwenye vumbi.

Asubuhi nyanya alifungua mlango, akapiga hatua moja, akaanguka.

Baba alimbeba hadi chini ya mgunga wa uani. Jirani aliacha makaa yake, akawa anampepea na kipande cha katoni, akimwita mama mzee, mama mzee, bila mzaha wowote safari hii. Nyanya alifumbua macho polepole. Akalala pale akiitazama gereji. Hatimaye akasema, kwa sauti ndogo lakini ya mtu anayedai jibu:

"Upepo ulipozibua, nilipona. Wewe ulipoziba, nimeanguka. Nyumba yangu ya mbao ina nyufa kila mahali, na jiko nimelala nalo maisha yangu yote. Sasa hebu niambie, mgonjwa ni mimi au ni hii nyumba?"

Baba aliinuka, akachukua nyundo na patasi kwenye pikapu. Alitoboa tofali la juu, akashuka, akatoboa la chini. Magunia yote akayang'oa.

"Sasa vumbi itaingia, baba yao," jirani akamwambia.

"Litafagiwa," Baba akasema.

Nguo alizokuwa amezikunja kwa safari zikafunguliwa. Tangu siku hiyo jiko liliwashwa nje mpaka moshi ukaisha, likaingia wakati wa mazungumzo tu, mlango ukiwa wazi, na kabla ya kulala Baba alilitoa mwenyewe. Nyanya alilala na mawe ya moto yaliyofungwa kwenye kitambaa, na mablanketi ya kijivu kutoka soko la Kakuma. Aliishi nasi miaka mingi.

Chuoni nilijifunza jina la ile gesi ya makaa, isiyo na rangi wala harufu. Nilijifunza pia kwamba matundu peke yake hayatoshi. Kulitoa jiko ndiko kulikomwokoa. Nimehoji mengi niliyofunzwa na wazee wangu, hili la kulitoa jiko nimelihoji mara nyingi kuliko yote, na limesimama.

Jumamosi nilimkuta mpangaji na fundi, saruji imeshakorogwa. Pale palipokuwa na kitanda kuna kreti za soda. Nilitazama nikajiambia matundu haya hayamlindi mtu tena, ni kumbukumbu yangu tu, na vumbi ni lake. Karibu nikubali. Lakini kuuliza ni ugonjwa wangu.

"Usiku nani analinda mzigo?"

"Mimi mwenyewe. Nalala hapo."

"Na chai unapikia wapi?"

Akaonyesha nyuma ya kreti. Jiko lilikuwa pale, lina majivu ya jana.

Nilimweleza yote, kama nilivyokueleza wewe. Fundi alisikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo, akaanza kuosha mwiko wake bila kuambiwa. Jiko tulilitoa nje pamoja.

"Sawa," mpangaji akasema, akitazama tundu la chini. "Sasa hili vumbi?"

Baba na nyanya wamelala makaburini Kinangop. Mgunga ulishakatwa, na jirani alirudi kijijini kwao zamani. Nikaingia nyuma ya mlango kutafuta ufagio.