Ufito wa Fundi Magobore

Siku hizi za ruksa hata vijiti vya meno vinatoka ng'ambo, lakini kitako cha gobore bado kinatoka mikononi mwa fundi wetu wa Malangali. Huchonga mninga huku akinong'ona kama anayebembeleza mtoto, na haamini mdomo wa mteja, hata awe katekista. Gobore likifika, huchomeka ufito mtutuni hadi ukome, kisha huulaza kwa nje kuona uliishia wapi. Juzi Mboje, mfugaji wa Muze, alileta la babu yake lichongewe kitako kipya. “Tupu hili, fundi, mwaka wa tatu halijalia!” Mimi na ujuaji wangu nikalinyakua, nikamlenga Mboje kitambi, kidole kwenye triga: “Mshikaji, toa ng'ombe mmoja!” Fundi akaninyang'anya taratibu, akachomeka ufito. Ulikwama vidole vinne kabla ya mwisho. Baruti na risasi vilikuwemo. Hakutukana mtu. Alimimina maji mtutuni, akachokonoa mpaka risasi ikadondoka chini, ndipo nikakumbuka kupumua. “Nyoosha mkono, Mboje, nipime kitako.” Mboje alikuwa anacheka, mkono unatetemeka. Fundi akaushika, akasubiri utulie.