Rafu ya Mama Gundi

Wanafunzi walimwita Mama Gundi. Alilijua jina hilo na wala halikumuudhi, kwa sababu lilikuwa jina la haki. Mkutubi gani mwingine anapika gundi jikoni kwake, unga wa ngano na maji, akaibeba hadi shuleni ndani ya kopo la siagi, ili agundishe kurasa za riwaya anazozipenda kuliko mtu yeyote pale shuleni?

Maana alizipenda, tusimwonee. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa baraza, madirisha yakiutazama ua, na ng'ambo ya ua ndipo palipokuwa na chumba cha walimu wa hesabu. Walimu wengi waliiona maktaba kama stoo ya vitabu vya mtihani. Yeye, karibu na mlango, alikuwa ametenga rafu moja ya riwaya za vijana, za siku hizi, ambamo watoto wana simu, wazazi wameachana na hakuna anayegeuka kuwa chui. Juu ya rafu alibandika herufi alizozikata mwenyewe kwenye boksi la viatu: ZINAZOPENDEKEZWA.

Kupendekeza ndiko kulikokuwa kipaji chake. Hakumuuliza mtoto, "Unapenda vitabu gani?" Nani ana jibu la swali hilo akiwa na miaka kumi na mitano? Alimuuliza tu, "Nyumbani hawajambo?" halafu akasikiliza, si jibu, bali namna mtoto alivyolimeza. Kisha mkono wake ulikwenda kwenye rafu wenyewe. Yule ambaye baba yake kahama nyumba alipewa hadithi ya mapacha waliogawanywa kama vyombo vya jikoni. Yule mnene aliyekuwa akichekwa alipewa hadithi ya golikipa wa kike. Walirudi siku ya pili macho mekundu, wakasema kitabu si kibaya, kipo kingine?

Kamati ya wazazi nayo ilikuwa na maoni. Ilikuwa kamati ya watu waliosoma riwaya mara ya mwisho walipolazimishwa, lakini siku mkuu wa shule alipowasomea ukurasa mmoja, ukurasa ambao msichana anambusu mvulana nyuma ya duka, walikuja juu kama maziwa. Rafu yote ing'olewe! Mama Gundi alisimama, akasema kurasa zisizofaa atazigundisha, kitabu kibaki. Wakampigia makofi.

Hawakujua kwamba gundi ya unga si gundi. Weka ukurasa juu ya mvuke wa birika, unaachia taratibu bila hata doa. Gundi ya dukani isingeachia kamwe, na ndiyo sababu hakununua ya dukani. Watoto waligundua mapema. Vitabu vilirudi kurasa zimejikunja kwa mvuke, naye akazinyoosha chini ya kamusi kubwa, akazigundisha upya akijitia hamnazo. Kamati ililala usingizi wa pono. Watoto walisoma, tena walisoma kurasa zilizogundishwa kabla ya nyingine zote. Mama Gundi alijiona mjanja, na alikuwa mjanja kweli. Laiti ujanja wake angeuingiza nyumbani kwake.

Nyumbani alikuwa na binti wa marehemu kaka yake. Alimchukua akiwa bado anakojoa kitandani, akamlea peke yake, na sasa binti alikuwa mrefu kumpita. Walipendana sana na hawakujua kuliongea. Katika ukoo ule watu walikuwa wakimung'unya maneno, mtu anaweza kuugua mwezi mzima ukalijua hilo siku ya kupelekwa hospitali. Basi wawili hawa walijitungia njia yao. Mwenye neno zito hakulisema. Alichukua riwaya, akaifungua pale penye neno lake, akaiweka kifudifudi kando ya kikombe cha mwenziwe.

Binti alipounguza pasi, Shangazi alikuta kando ya chai yake hadithi ya mvulana aliyevunja dirisha la jirani. Alipovunja ungo, ilikuwa ile ya golikipa, sura ya saba. Shangazi naye, siku aliyomfokea mtoto mbele ya wageni, alimwekea ukurasa ambao mama mmoja anaomba radhi. Hakuna aliyetia neno. Mwekewa alisoma, akakirudisha kitabu rafuni, na jambo lilikuwa limekwisha. Kuna watu wanaoishi nyumba moja wakipiga soga tangu asubuhi hadi jioni na hawasemezani hata robo ya hivyo.

Ila humo humo ndani kulikuwa na sheria. "Watoto wa watu wakifungua, shauri yao," Shangazi alimwambia. "Wewe ni wangu. Wakisikia mtoto wa mkutubi ndiye anayezisoma, nimekwisha. Zilizogundishwa haziguswi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

Na kweli alielewa. Alikuwa mtoto wa kutii kupita kiasi. Shule nzima ilikuwa ikichemsha mabirika, na msichana mmoja tu, anayelala chumba cha pili kutoka ilipopikwa gundi yenyewe, alikuwa akiziruka kurasa kama alivyoagizwa.

Mwaka ule ilikuja riwaya mpya, nyembamba, ya msichana anayeimba vizuri na mwalimu wa muziki anayembakiza kila siku baada ya wenzake kuondoka. Mama Gundi aliisoma kwa kikao kimoja na chai ikampoa mkononi. Akaiweka mbele kabisa ya rafu. Lakini kwanza aligundisha karatasi mbili za katikati, ambamo msichana anasema alichofanyiwa. Kamati haikuwa imemwomba. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyejua kwamba kitabu hicho kipo duniani. Alijihami tu mapema, mkono ukaenda kwenye kopo kwa mazoea, na hilo ndilo linalonichoma mimi ninayesimulia kuliko yote yanayofuata.

Muhula huohuo binti alianguka hesabu. Shangazi alivuka ua kwa miguu yake mwenyewe akamwomba mwalimu wa hesabu amsaidie mtoto baada ya masomo. Mwalimu alikuwa mtu wa watu, shati limenyooka, salamu kwa kila mfagiaji. Alikubali papo hapo na hakutaka hata zawadi. "Binti yako ni binti yangu," alisema. Shangazi akamsifu kwa kila aliyekutana naye.

Kila alasiri binti aliingia chumba kile, na Shangazi alimngoja maktaba ng'ambo ya ua, akinyoosha kurasa. Mlango wa mwalimu ulikuwa umefungwa. Aliuona umefungwa. Alidhani ni kwa ajili ya kelele za wacheza mpira.

Siku moja wakiwa njiani kurudi, binti alisema, "Shangazi, hesabu nitasoma mwenyewe."

"Mwenyewe ndiko kulikokuangusha."

"Nitajitahidi."

"Mtu mzima anajinyima muda wake kwa ajili yako, halafu unaringa? Kesho utakwenda."

Akaenda, shingo upande. Akaacha kula vizuri, akaanza kuvaa sweta kwenye joto. Mama Gundi, aliyeweza kumsoma mtoto wa mwenzake kwa namna alivyojibu salamu, hakumuuliza wa kwake kama nyumbani hawajambo. Nyumbani si kwake? Alijua hawajambo.

Asubuhi moja alikuta kando ya kikombe chake riwaya ya mwimbaji. Ilikuwa imefunguliwa na kulazwa kifudifudi kama desturi. Akaigeuza. Ilikuwa imefunguliwa pale pale penye karatasi zilizogundishwa. Hakukuwa na maneno ya kusoma, ila ukurasa mnene uliokauka.

Alicheka. Ndiyo, alicheka! Alidhani binti amekua sasa, anataka ruhusa ya kuchemsha birika kama wenzake, anaiomba kwa njia yao. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akimtazama kuliko alivyowahi kumtazama.

"Mjanja wewe," Shangazi alisema. "Nilikwambia nini? Zilizogundishwa haziguswi." Akakifunga kitabu, akamrudishia mkononi. "Kirudishe rafuni ukipita."

Binti alikipokea. Akasema, "Sawa, Shangazi," akaenda shule, akakirudisha rafuni, na alasiri akaingia chumba cha walimu wa hesabu kama alivyoagizwa.

Aliyepasua jipu hakuwa msomaji wa riwaya. Alikuwa mama mmoja muuza viatu, ambaye bintiye naye alikuwa akisaidiwa hesabu, na ambaye mtoto wake alimweleza kila kitu wazi wazi wakiwa wanafua. Yule mama aliingia uani mwa shule mchana kweupe, povu la sabuni bado kwenye viwiko, akamwita mwalimu kwa jina na kwa kazi yake, akasema alichomfanyia mwanawe na sehemu alizomshika, sauti ikafika mpaka barabarani. Mama Gundi alisikia akiwa dirishani. Kopo la gundi lilimponyoka.

Mwalimu hakufungwa. Alihamishwa. Mkuu wa shule aliwatangazia wanafunzi kwamba amepata kituo kingine, akamtakia kila la heri, akakataza umbea. Kamati nayo ilikutana kwa dharura, na baada ya maneno mengi ikaamua kwamba riwaya zinawatia mabinti mawazo. Mkutubi akaagizwa azidishe gundi. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nilishindwa.

Jioni ya siku ile yule mama alipokuja, Shangazi hakupika wala hakuvua viatu. Alimkuta binti jikoni akichambua mchele.

"Na wewe?" aliuliza. "Na wewe pia?"

Binti aliendelea kutoa mawe, moja moja. "Nilikuwekea kitabu, Shangazi."

"Kitabu gani?"

"Ulichonirudishia."

Shangazi alishika ukingo wa meza. "Lakini pale palikuwa pamegundishwa. Hukujua pameandikwa nini."

"Sikujua. Kabla ya hapo mwalimu anafunga mlango. Baada ya hapo msichana yuko kwao na mama yake anamsuka. Nikajua tu katikati ndipo alipomwambia." Akapuliza makapi. "Sikujua yeye alianzaje. Nikadhani wewe unajua, si ndiwe uliyegundisha."

Shangazi alitaka kumkumbatia. Binti alijisogeza kidogo, kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni, akaenda kuosha mchele.

Kesho yake, watu wa ofisi walipokwenda kula, Mama Gundi alijifungia maktaba na birika. Aliushika ukurasa juu ya mvuke mpaka vidole vikamwiva. Karatasi zikaachia. Akasoma tena yale aliyoyaficha, na alikuwa ameyasahau, kwa sababu siku ile alipoyasoma alikuwa akitafuta uchafu tu. Uchafu wenyewe ulikuwa sentensi moja, fupi kuliko kidole. Mengine yote yalikuwa mama na mwana jikoni. Msichana anasema, "Mama, usinitazame nikisema." Mama anazima jiko, anakaa chini sakafuni akimpa mgongo, na msichana anausemea ule mgongo. Akimaliza, mama anasema, "Nimekuamini kabla hujamaliza." Basi. Hakuna kingine. Riwaya nzima iliandikwa ili mtoto fulani afike ukurasa ule na aone kwamba inawezekana. Watoto wengi walifika. Mmoja alizuiwa, yule aliyekuwa na shida nao.

Alilia mpaka ikabidi akifute kitabu kwa kitambaa. Halafu akakitia kwenye mkoba. Alasiri, binti akiwa bado yuko shuleni, alikifungua pale, kurasa zimejikunja lakini zinasomeka, akakiweka kifudifudi kando ya kikombe cha binti. Akakaa chumbani kwake akisikiliza. Alisikia mlango, alisikia mkoba ukiwekwa, alisikia kiti. Kisha kimya kirefu. Kisha vyombo, maji, sufuria ndogo ikigusa jiko. Akajua anasoma, na anapika chai, na moyo wake ukapata nafasi kidogo kifuani. Angemngoja. Angekaa sakafuni na kumpa mgongo, hata mwaka mzima, ikiwa ndicho kinachotakiwa.

Kulipokucha alikuta kitabu kando ya kikombe chake mwenyewe. Kilikuwa kimefungwa, na juu yake limelazwa lile gogo dogo la kusukumia chapati kama uzito. Akaliondoa, akafungua katikati. Karatasi zile mbili zilikuwa zimegundishwa upya, pembe kwa pembe, kwa mkono safi kuliko wake. Kwenye jiko, sufuria ndogo ilikuwa na ukoko mweupe wa unga.

Binti alikuwa tayari amevaa, mkoba begani. "Nimekwenda, Shangazi," alisema, kama kila siku.

Gundi ilikuwa bado mbichi. Angeweza kuifungua kwa ukucha, bila birika. Alikaa mbele ya kitabu mpaka chai ikapoa, na hakukigusa.